Gari Liko Garaji, Lakini Nimecheza Nyuma Yake

Mama Geneviève wetu wa radio, salamu nyingi kutoka Mudzipela, tafadhali soma barua hii mpaka mwisho kabla hujacheka, maana dada yangu Tina ameshacheka mpaka akakaa chini na mimi bado sijapata jibu.

Mwezi huu nimemwozesha binti yangu Gracia kwa kijana wa Mahagi, na kwa kuwa sikutaka bibi arusi apande moto, pikipiki hizi zetu, na gauni jeupe katika vumbi letu hili, nilikodi gari la jirani yangu Papa Abdoul pamoja na shofere wake Dady, nikalipa siku nzima mbele, Tina akalipamba kwa utepe wa waridi, tukaenda kanisani tukarudi vizuri, vigelegele juu. Wewe unajua desturi yetu, shofere wa bibi arusi hawezi kukaa na njaa watu wakaanza kusema familia ina mkono mgumu, basi nikamwambia Tina amhudumie kabla hata ya wanakwaya, Tina akampa wali, nyama ya mbuzi, sombe ya majani ya muhogo, na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, glasi ikiisha anajaza, na mimi namwona na nafurahi kwamba mgeni anaheshimiwa. Halafu Dady akaingia garini awapeleke maarusi kupiga picha, akarudi nyuma huku akipiga honi kufuata wimbo wa kwaya, puu, kwenye rundo la matofali! Asante Mungu Gracia alikuwa bado mlangoni. Taa moja ya nyuma ilipasuka na pareshoki, ile bampa ya nyuma, ikalegea.

Papa Abdoul, ambaye alikuwa kati ya waalikwa, akasimama na sahani mkononi, wakwe wote wa Mahagi wakageuka kutazama, na mimi kwa kuogopa aibu nikapaza sauti: "Papa Abdoul, tusiharibu fete ya arusi ya mutoto! Nitalipa yote!" Watu wakapiga makofi. Nilijisikia mtu mkubwa kweli.

Sasa ona, baada ya siku chache Abdoul akaja kwangu: "Mama Domitille, gari iko mu garaji, tunangojea taa itoke Kampala. Kila siku yenye iko inalala kule, weye unalipa sawa vile unaikodi." Nikamwambia taa nitalipa, lakini siku za kulala? Akanijibu, "Ulisema yote. Watu yote walisikia." Na ni kweli nilisema. Pesa niliyonayo ni ya mashine ya kushona niliyomwahidi Gracia, ambaye amejifunza ushonaji na Jumamosi hii anaondoka na mumewe kwenda kuanza maisha Mahagi. Nikimpa Abdoul pesa hiyo, mtoto anakwenda mikono mitupu, na mashine ndiyo kazi yake.

Lakini ngoja. Jumamosi iliyopita nilialikwa arusi nyingine kule Nyakasanza, nikawa nyuma ya gari la bibi arusi nacheza na kikwembe changu, kitenge cha kijani, jasho linatiririka, nikainua macho: gari jeupe, taa ya nyuma imefungwa kwa skochi, ile plastiki yenye gundi, na kwenye pareshoki kimebaki kipande cha utepe wa waridi chenye fundo la Tina, ambalo hakuna mwingine hapa Bunia anayelifunga hivyo. Gari lenye kulala garaji! Miguu ilisimama yenyewe.

Sijamwambia mtu isipokuwa Tina, kwa sababu ni Abdoul huyuhuyu aliyempeleka marehemu mume wangu hospitali kwa gari hilihili, katika mvua kubwa, bila kuuliza hata pesa ya mafuta, na sitasahau. Nikigombana naye nitaonekana sina shukrani, nikikataa kulipa wakwe watasikia kwamba neno langu halina uzito, nikilipa Gracia anakosa mashine. Nifanye nini, Mama?

Domitille, Mudzipela

*

Domitille, dada yangu,

Radioni nitabadilisha majina, hapa nakujibu wewe mwenyewe. Nimecheka, unisamehe. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kumhudumia shofere ni heshima, nani anakataa? Lakini kumjazia kasiksi mtu anayengoja kumbeba mwanao, hiyo ni heshima gani? Wali na soda vingetosha. Usirudie, na Tina apunguze kicheko, maana mkono uliomimina ni wake. Halafu huo mdomo wako! "Nitalipa yote" mbele ya umati, kwa ajili ya makofi. Makofi hayashoni nguo, mama.

Hata hivyo kosa lako lina mpaka. Uliahidi kulipa kilichovunjika. Lipa taa, mlipe fundi wa pareshoki, na hata hapo Dady achangie, kwa sababu hakuna aliyemfungua kinywa kwa nguvu, na ni shofere wa Abdoul, si wako. Siku za garaji ni jambo jingine kabisa. Gari linalobeba maarusi wa watu linaingiza pesa. Abdoul anataka kula sahani mbili, na wewe umekaa unamshikia zote.

Kuhusu marehemu, pole sana. Wema ule Abdoul hakuutoza, na wewe usiulipe leo kwa mlango wa nyuma, tena kwa pesa ya mtoto. Mwambie asante kwa maneno yale uliyoniandikia mimi. Nadhani hujawahi kumwambia.

Leo hii nenda sokoni, nunua mashine, mpelekee Gracia. Kesho asubuhi nenda kwa Abdoul, kunywa chai yake, mshukuru kwanza. Usimwite mwongo. Mwambie tu: "Papa Abdoul, twende siye wawili mu garaji, fundi atuambie bei ya taa, nilipe." Halafu unyamaze, umwache yeye atafute maneno. Wakwe wakisikia, watasikia kwamba umelipa taa.

Na kama bado ataapa kwamba gari lililala, mwambie Mama Geneviève anamsalimia. Yule bibi arusi wa Nyakasanza ni mtoto wa dada yangu. Gari nililikodi mimi, pesa nikampa Abdoul mkononi, na nilikaa kiti cha mbele. Nilikuona kwenye kioo na kikwembe chako cha kijani, umesimama ghafla katikati ya wimbo, nikamuuliza Dady, "Ule mama iko na nini?" Alikanyaga mafuta.

Sasa najua kwa nini, na nitakuja kusema mbele ya Abdoul ukinihitaji. Wewe nenda kanunue mashine.