Hodi ya Hamisi Mlangoni kwa Mwanaidi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako likoje tangu mvua zianze, na Bibi anakula vizuri? Huku miili yetu ni mizima, ila mimi moyo umenichafuka, na sababu ni mwanao Hamisi.

Uliniambia kwenye simu kuwa ile picha yake, amevaa kitambaa chekundu mkononi, umewaonyesha majirani wote. Naomba usiionyeshe tena.

Tangu misako ya pasipoti ianze hapa Xiaobei, mtaa wetu wa wageni, askari wamekuwa wakitafuta wageni wa kujitolea kulinda mtaa pamoja nao. Walituita tunaojua Kichina. Mimi nilisema nina mzigo wa kupeleka bandarini Huangpu, nikaondoka. Hamisi akabaki, akavishwa kile kitambaa chekundu, akaahidiwa kuwa viza yake haitasumbua. Nilimkumbusha habari za babu yetu Mngazija, jinsi Waingereza walivyomwandika katika kikosi cha kujitolea pale Dar, wakamtuma na rungu kuwapiga makuli waliogoma. Hamisi akacheka.

"Babu alipiga watu. Mimi natafsiri tu."

Mwanzoni alitafsiri kweli, watu wakigombana madukani. Juma lililopita, baada ya adhuhuri, nikasikia hodi chumba cha pili, kwa Mwanaidi, binti wa Tanga anayetupikia wali wa nazi. Ni mjamzito, na viza yake ilishakwisha. Askari walishagonga mara nyingi, hakuwafungulia. Safari hii alisikia Kiswahili.

"Dada Mwanaidi, hodi. Ni Hamisi."

Akafungua, mwiko mkononi. Askari wakatokea nyuma ya Hamisi. Mwanaidi hakulia. Alimtazama tu, akasema, "Nilidhani umekuja kula."

Wakamteremsha ngazi na kandambili zake. Niliwafuata hadi barabarani, nikiwasihi kwa Kichina, wasinisikilize. Niliporudi nikamkuta Hamisi amesimama jikoni kwa Mwanaidi, anakula wali kutoka kwenye sufuria.

"Wali utaharibika bure," akaniambia, na kitambaa chake bado mkononi.

Mama, nilimwacha hapo nikatoka. Tangu siku hiyo sili naye, na salamu yake siitikii. Jana afisa alikuja na kitambaa kingine, akasema Kichina changu ni kizuri kuliko cha kaka yangu. Nilikataa. Huenda nami wakaninyima viza. Basi nitarudi nyumbani.

Mwanaidi anarudishwa Dar Ijumaa. Barua hii anakuletea Mama Salma, anayesafiri kesho na nguo zake za biashara za soko la Shahe. Nendeni pamoja uwanja wa ndege, maana yeye anamfahamu Mwanaidi. Mchukulie kanga na viatu, umpeleke kwanza kwetu akaoge na kupumzika.

Msalimie Bibi, na Mjomba Athumani fundi cherehani, na wifi yangu, mke wa Hamisi, ambaye sijui nimwambie nini.

Mwanaidi akikuuliza wewe ni nani, sema ni mama yangu mimi. Inatosha.

Mwanao,
Zuhura