Mkono wa kushoto haukuwa kwenye karatasi

Mwenzangu, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Si unajua leo nilikuwa naigiza mgonjwa kwenye mtihani wa wanafunzi wa udaktari. Karatasi yangu ilisema ugonjwa wa Parkinson: mkono wa KULIA unatetemeka, misuli imekakamaa, mwendo mzito. Nimeshauigiza mara ngapi huo!

Akaingia binti mmoja, ana woga mpaka kalamu inamdondoka. Akanitembeza, akamwambia daktari msimamizi, "Mkono wa kushoto hauchezi anapotembea."

Kushoto.

Daktari akaangalia karatasi. "Hilo halimo humu." Nikajua binti wa watu kafeli, nikamhurumia.

Kumbe daktari ananitazama mimi. "Mama, sasa acha kuigiza. Tembea kawaida."

Nikatembea.

"Nimesema acha kuigiza."

Nikamwambia, nimeshaacha, daktari.

Nimeshaacha. Hivyo hivyo nilivyosema.

Akanikunja kiwiko cha kushoto taratibu, kupima kama kimekakamaa. Akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akasema huenda si kitu. Hiyo "huenda si kitu" wanafunzi wanafundishwa kuisema. Nimeisikia mwaka mzima.

Niko kwenye benchi la korido, bado nimevaa gauni la wodini. Silii. Sihisi chochote.

Ule utani wako tukitembea asubuhi, kwamba nabana mkono kama nimeficha pochi kwapani.

Daktari kauliza ilianza lini. Wewe ulianza lini kunitania hivyo?