Mguu wa Kushoto wa Rukia

Jumanne, baada ya alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, imekatika sasa hivi, na barazani hapakaliki kwa maji. Nimeketi chumbani na simu yangu. Moyo wangu hauko sawa.

Wanaonisoma hapa wanaijua kazi yangu. Kwa mgeni: mimi ni mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua, huku kwetu Mji wa Kale na Bondeni, naitwa. Arubaini yake yote namwendea, namkanda kwa maji ya moto yaliyochemshiwa majani, nampaka mafuta ya simsim, namfunga mkaja tumbo lipate kurudi. Nimeipokea kazi hii kwa mamangu, naye kwa mamake. Najisifu, sikatai. Watu husema mkono wangu unaona.

Jumapili mkono wangu haukuona kitu.

Rukia ni mkaza mwana wa Bi Zuhura, yule mwenye duka la kanga Biashara Street. Mtoto wake wa kwanza huyu, na Jumapili ilikuwa siku ya tisa. Nilipomfunua miguu nikakuta kigimbi cha kushoto kimejaa, kimevutika, tena kina moto kuliko cha kulia. Nikasema kama alivyokuwa akisema mamangu: damu ya uzazi imelala huko, sharti itolewe. Nikaongeza maji, nikaongeza mafuta, nikaanza kukamua kutoka kifundoni kupanda gotini, kwa nguvu zangu zote.

Rukia akanishika mkono. Akaniambia hapo panamuuma vibaya, si kama kwingine. Nikamwambia avumilie, kila mzazi huumia. Bi Zuhura alikuwa kakaa pale mlangoni, akasema, "Mkande, Mama Salma. Wasichana wa siku hizi hawawezi chochote." Tukacheka, mimi na yeye. Rukia akageukia ukutani.

Nikaenda zangu nyumbani nikala nikashiba.

Jana jioni ndipo mambo yalipogeuka, tena jikoni kwangu. Binti yangu Salma yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi, na kesho ana mtihani wa tishu za mwili. Sisi tuna desturi yetu: anasoma kitabuni, kisha ananieleza kwa Kiswahili chetu huku napika. Nisipofahamu mimi, basi yeye hajasoma. Jana nilikuwa nakata mguu wa mbuzi, akaniambia, "Mama, kitabu changu hicho umekishika."

Akaanza juu. Ngozi, akasema, ni tishu ya kufunika, chembe zake zimebanana hazina nafasi, na tishu ya namna hiyo imetanda hata ndani ya tumbo na kinywa. Chini yake mafuta, na ule utando mweupe unaoteleza ukitia kisu. Hizo ni tishu unganifu, kazi yake kushika na kufunga. Kano iliyoshika nyama kwenye mfupa imo humo, na mfupa wenyewe, na hata damu. Hapo nikabishana naye. Mfupa na damu zitakuwaje ndugu? Akacheka, akasema hata yeye alimbishia mwalimu.

Halafu nyama, tishu ya misuli, inayojikaza na kulegea. Halafu akachomoa uzi mweupe, mwembamba, uliopita katikati. "Na huu ni neva. Huu ndio unaopeleka habari ya maumivu kwenye ubongo."

Nilifurahi, wallahi. Kila alichokitaja, vidole vyangu vilikuwa vinakijua miaka yote bila jina. Ule utando nimeuhisi ukiteleza chini ya dole gumba kwa mamia ya wanawake. Nikajiona na mimi nimesoma.

Ndipo alipofika kwenye mshipa mnene, uliolala ndani kabisa kati ya nyama na nyama. Akasema huu hurudisha damu moyoni, na ni misuli ya kigimbi inayoisukuma ipande, mtu anapotembea. Mtu akilala sana damu husinzia humo ikaganda. Na mzazi ndiye zaidi, kwa sababu damu yake huganda upesi baada ya kujifungua, tena sisi tunamlaza. "Mguu mmoja ukivimba ukawa na moto, Mama, haukandwi. Donge laweza kung'oka likapanda mapafuni, mtu akafa pale pale."

Nikakiweka kisu chini.

Sikumweleza Salma kitu. Nilivaa buibui mikono ikinuka nyama, nikaenda Bondeni kwa kina Rukia kwa miguu, nikafika maghribi ikiadhiniwa. Nikawaambia Rukia apelekwe hospitali sasa hivi. Bi Zuhura alinitazama kama niliyepandwa na wazimu. Mzazi hajatimiza hata siku kumi na moja, atolewe nje maghribi? Akaniuliza nimekuwa daktari lini. Nikamwambia nikiwa nimekosea, aitangazie Bondeni nzima nisiitwe tena. Hilo lilimtisha, maana anajua ninavyoipenda kazi yangu. Tuktuk ikaitwa.

Walimpima mguu kwa mashine ya picha, wakalikuta donge. Ameanzishiwa sindano na dawa za kuzuia damu kuganda. Daktari alisema wamewahi.

Sababu iliyonifanya nikimbie sikuisema. Naona haya kuandika, lakini hapa ndipo mahali pangu pa kusema kweli: niliwaacha wadhani nimeuona mguu ule kwa ujuzi wangu.

Asubuhi leo Bi Zuhura kaniletea doti ya kanga, mpya, haijakatwa. Simu hazikukoma. Mwanamke mmoja wa Buxton, kajifungua juzi, kaniomba nimwanze kesho kwa sababu amesikia mkono wangu unaona. Kila sifa ilinichoma. Nikaitazama ile kanga kitandani, nikashindwa hata kuigusa.

Saa sita ya kuwatazama wagonjwa nikaenda hospitali nayo mkononi. Rukia alikuwa ameinuliwa mguu kwa mto, mtoto ananyonya. Bi Zuhura alikuwa ametoka kwenda kuswali. Nikamwambia Rukia yote. Nikamwambia mguu ule Jumapili haukuwa wa kukandwa, nami niliukamua, na lile donge lingeweza kung'oka chini ya vidole vyangu.

Alimtengeneza mtoto kwanza. Kisha akasema, taratibu, "Nilikwambia, Mama Salma."

"Uliniambia, mwanangu."

"Nilikwambia hapa si kama kwingine."

Uzi ule mweupe ulifanya kazi yake, habari ilifika kwake, naye akanifikishia mimi kwa mdomo wake. Mimi ndiye niliyeikataa. Nikalia. Akalia na yeye, kisha akanipa mtoto nimshike apate kufuta uso, na hapo nikajua hajanifukuza.

Bi Zuhura aliporudi nikayasema tena mbele yake, nikamrudishia kanga. Aliutengeneza mtandio wake ambao haukuwa na kasoro. Akamgeukia mkaza mwanawe, akasema, "Na mimi nilicheka." Basi. Kanga hakuipokea. Iko hapa kitandani tena, na bado sijui nitaifanyaje.

Nimerudi nimemkuta Salma na vitabu vyake. Nikamweleza na yeye. Hakunilaumu; amenikumbatia tu, kisha akanifundisha dalili zote za mguu wa hatari mpaka nikazihifadhi. Mtihani wake kesho, Mungu amfungulie. Wangu nimeshaufanya.

Kinachonikaba ni kingine. Nimekaa hapa nawakumbuka wazazi wangu wa nyuma, nyumba kwa nyumba, najaribu kujua ni wangapi walionishika mkono wakaniambia hapo panauma, nikawaambia wavumilie. Siwakumbuki. Mafuta niliyowapaka nayakumbuka, majani niliyowachemshia nayakumbuka, hata chai walizonipa. Maneno yao sina hata moja.

Kesho saa tatu nina yule mzazi wa Buxton. Kabla sijatia mkono kwenye maji nitamweleza habari ya mguu wa Rukia, aamue mwenyewe kama bado ananitaka. Akinikubali nitamuuliza wapi panamuuma, kisha ninyamaze mpaka amalize.