Chumba cha Mgeni Ulichonijengea

Maskati
Ijumaa, baada ya sala

Kwa ndugu yangu Makame,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake, ndiyo maana nimeanza nayo, usije ukadhani moyo wangu umetulia. Sukari yako inasemaje? Dawa unakunywa au bado unazisahau mfukoni mwa kanzu? Na Mama macho yake yakoje wiki hii? Mkeo Salma namtakia afya njema, aishi miaka mingi ayaone anayoyafanya. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila tangu Jumatatu sina raha, na sababu ni wewe.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa kwenye simu umeshanishinda. Kila nikianza kusema unaniambia mtandao mbaya, na mara hii mtandao uliharibika pale pale tulipofikia habari ya kubisha hodi. Barua hii anakuja nayo jirani yangu anayerudi Unguja, nimemwambia akutie mkononi wewe mwenyewe. Karatasi haina mtandao, utaisoma mpaka mwisho.

Jumatatu baada ya Alasiri nilikuwa nakunja mashuka, akanipigia Shangazi Mize kutoka Mkokotoni. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kwake, baada ya kumleta Mama mjini, maana Mama alikaa kwake wiki mbili kama unavyojua.

"Riziki," akaniambia, "nshakiona chumba chako. Mashaallah, choo kinang'ara hata nliona haya kukiingia."

"Chumba changu kipi, Shangazi?"

"Hicho kilokuwa duka la marehemu baba yako. Salma kanionyesha mwenyewe. Kanambia hiki cha wifi yangu, akirudi ndimo atamokaa."

"Shangazi, hicho ni cha wageni. Makame anawawekea wazungu."

Halafu akasema pole pole, "Basi mwanangu, labda mgeni mwenyewe ndo wewe."

Makame, wewe ndiye uliyenipigia kabla ya Ramadhani ukaniambia, "Dada, nataka chumba cha duka nikifanye cha wageni, na choo chake humo humo ndani. Wewe kazi yako ndiyo hiyo, nifundishe." Nikafurahi, mjinga mimi. Miaka kumi na mbili nimo katika nyumba hii ya watu, mbali na kupika, mimi ndiye ninayeviweka vyumba vyao vya wageni, najua mgeni anataka nini kabla hajafungua mdomo. Nikasema leo ndugu yangu ameniona nina elimu. Nikachukua daftari nikakuchorea, nikakupigia picha, ukanijibu kwa kidole gumba.

Nilikwambia bafu ulitie kona ya barabarani, mbali na chumba cha Mama, maji ya watu yasimghasi. Nilikwambia mtu akikaa chooni asielekee kibla wala asikipe mgongo. Fundi wako akataka kukigeuza choo ili bomba liwe fupi, nikakwambia mpe bomba refu, bomba refu si dhambi. Sakafu ya bafuni iwe chini kidogo kuliko ya chumbani na iteremkie kwenye tundu, la sivyo zulia litaelea. Marumaru ziwe za kukwaruza, si zile za kuteleza ulizoziona madukani Mlandege, na sasa naambiwa choo kinang'ara, maana yake ulinunua zile zile. Ukuta upigwe chokaa, maana mawe yetu ya zamani ukiyafunika saruji yanatoka jasho na chumvi. Kidirisha cha bafuni kiwe juu ya kichwa cha mtu mrefu. Swichi ya taa mkono uifikie kutoka kitandani. Na bomba dogo la chini, na kibao cha kukalia mtu akitia udhu. Hapo ulicheka ukasema, "Dada, wazungu hawatii udhu." Nikakujibu wageni wote si wazungu. Sikujua nasema kweli kiasi hicho.

Sasa la mlango. Hili nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililisema mimi. Chumba kile kilikuwa na milango miwili, wa kichochoroni walikoingilia wateja wa Baba kupimwa kanzu, na wa ukumbini, aliokuwa akipita Baba kuja kula. Nikakwambia uzibe wa ndani. Nikakwambia mgeni awe na mlango wake, maji yake na choo chake, asiwe na sababu ya kutia mguu ukumbini kwetu. Watu wanatoka Forodhani kula, wanarudi na vikaptula vyao, wapite mbele ya Mama kavua mtandio? Nikakwambia ziba kwa mawe, usiweke mbao, sauti hupita kwenye mbao, na wanawake wa nyumba wanataka kusema na kucheka bila ya mtu wa nje kuwasikia. Wewe ukajibu, "Sawa, Dada."

Ulipokuwa unasema sawa ulikuwa unajua mgeni ni nani. Usiniapie. Mwanao Haji alishaoa, na chumba changu cha juu, Shangazi kanambia, ulishampa yeye na mkewe. Hilo silo nililokasirikia. Harusi ni kheri, na lau ungenambia ningempa mwenyewe, na kitanda juu yake. Lakini ulinificha. Uliniacha nikae na kalamu nikupangie hata upande wa kuweka mto, na ukawa unanipimia mimi.

Jumanne asubuhi nilipokupigia ulinijibu nini? Nakukumbusha, maana wewe huwa unasahau maneno yako upesi.

"Dada, mbona unapandisha sauti? Chumba kile hata hoteli hawana."

"Nani alikuomba hoteli?"

"Wewe ushazoea mambo ya Uarabuni, humu ndani utaona dhiki. Choo kimoja, watu wanane, asubuhi ni foleni. Tumekufikiria wewe."

"Kama mlinifikiria mimi, mlango mmeuzibia nini?"

"Si wewe ulosema uzibwe?"

Na ni kweli, nilisema mimi. Na nyuma yako nilimsikia Salma anacheka, wallahi nilimsikia. Akakupokonya simu.

"Wifi, si raha hiyo? Mlango wako, choo chako, hakuna wa kukughasi, na wewe humghasi mtu."

"Na chai nitanywa wapi?"

"Tutakuletea."

"Na nikitaka kumuona Mama?"

"Utatoka nje hatua tano tu, bibi we. Ukibisha hodi nani atakukataza?"

Hodi, Makame! Mimi nibishe hodi mlango niliokuwa nakupitisha mgongoni ulipougua surua. Mama akinitaka alfajiri nivae buibui, nitoke kichochoroni, nisimame barazani kama muuza samaki, ningoje mtoto wa mtu aliyekuja juzi aje anifungulie, nikamtilie Mama maji ya udhu. Na hapo ndipo simu ikawa na mtandao mbaya.

Nikuambie kitu ambacho sijakwambia tangu nije huku. Nyumba hii wananiheshimu, bibi mwenyewe hanifokei, mshahara haujachelewa. Lakini miaka kumi na mbili naingia kwa mlango wa nyuma. Ule wa mbele naufungua, naufuta, nauwekea udi wageni wakija, siupiti. Na hata siku moja sikulia kwa hilo. Nilikuwa najisemea mimi mbona nina kwetu, mahali ninaingia moja kwa moja na viatu mkononi, naita Mama uko wapi, na hakuna anayeniuliza nimekuja kwa siku ngapi. Hilo ndilo lililokuwa linanilaza. Sasa wewe umechukua mawe na chokaa ukaliziba, tena kwa ramani yangu.

Mama nilimpata Jumatano kwenye kile kisimu chake cha vibonyezo. Sikutaka kumuuliza, akaanza mwenyewe.

"Riziki, juzi nliporudi nlikwenda kama siku zote nikaufuata mlango wa duka. Nashika ukuta, nashika ukuta, mlango siupati. Nkajua basi, haya macho ndo yashakwisha kabisa. Nkakaa chini. Salma akaja akanambia, Mama, mlango umezibwa. Nkamwambia alhamdulillahi, kumbe si macho."

Akacheka, unamjua alivyo. Halafu akaniuliza, "Utakapokuwa humo nikikwita, utanisikia?"

Nilimwambia chungu changu kinaungua nikakata simu, Mungu anisamehe, jikoni hakukuwa na chungu.

Sasa na mimi niseme yangu, nisije nikasimama mbele ya Mola nimesema nusu. Najua kwa nini mmefanya hivi. Likizo yangu ya mwisho nililihamisha jiko lote la Salma, nikamwambia mbele ya watu kuwa masufuria yake yana mafuta ya tangu harusi yake. Nikamkosoa mpaka namna ya kukung'uta mkeka. Nilikosa. Nilitaka kumuomba radhi nikaona haya, nikaondoka na haya zangu. Nikijitazama naona hata mimi nisingependa kukaa na mtu kama nilivyokuwa siku zile. Mwambie Salma kwamba radhi namuomba, kwa maandishi haya, na nikifika nitamuomba tena kwa mdomo.

Lakini wewe una ulimi. Ungenambia, "Dada, ukija mdomo wako uache uwanja wa ndege." Ningekasirika siku mbili, ningenyamaza, ningefunga mdomo. Wewe ukaona rahisi kufunga mlango. Ukamwacha mkeo akionyeshe chumba kwa Shangazi kama anaonyesha fanicha. Ukalihamisha sanduku langu la nguo kutoka juu, Shangazi kaliona limewekwa chini ya dirisha, limefutwa vumbi vizuri, sanduku la mgeni. Huo ni woga, Makame. Watu wa nje wakikuona barazani na tasbihi yako watasema mtu wa dini huyu. Kumuunga ndugu ni katika dini hiyo hiyo.

Nakuja. Nimeshamuaga bibi ninayemfanyia kazi, nakuja moja kwa moja, sirudi tena huku. Kwa hiyo nisikilize ninachokitaka, wala si kingi. Chumba nitakaa, sikatai, chumba kizuri na kazi ni yangu. Chumba cha juu ni cha Haji, simtoi. Lakini fundi arudi, abomoe mawe yale, atie mlango wa mbao mwepesi kuingia ukumbini, wa kupitisha sauti. Kama mnaniogopa wekeni komeo upande wenu, mtafunga mkitaka kunisengenya. Ila Mama akiniita, komeo litoke.

Na kama fundi hakurudi, sitakuja kupigana na mtu, nimechoka na umri umekwenda. Nitaingia kwa mlango mkubwa na begi langu, nitatandika mkeka chini, kando ya kitanda cha Mama, na hapo ndipo nitakapolala mpaka Mungu atakapomchukua mmoja wetu. Choo nitapanga foleni pamoja na hao watu wanane. Hicho chumba wape wazungu kweli, wafungulie kidirisha, waonyeshe na kibao cha udhu. Na jirani wakiniuliza mbona Riziki unalala chini na nduguyo kajenga chumba, nitawaeleza, tena kwa sauti, unanijua.

Nibusie Mama mkono, mwambie dawa ya macho namletea, asimpe mtu chupa yake ile ya zamani. Haji na bibi harusi wake nawaombea kizazi chema, na mwambie mwari asiniogope, ugomvi huu si wake. Shangazi Mize ukimpigia Mkokotoni usimlaumu, hakusema ila alichokiona. Jirani yetu wa mbele, Bi. Fatma, anayetuchungulia uwani tangu tuko wadogo, msalimie pia, yeye angalau hajawahi kuuficha uso wake.

Sina zaidi. Nimeandika kwa hasira lakini nimetia udhu kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo kila neno humu nimelikusudia.

Nijibu upesi, Makame, kabla sijafunga mizigo, na uniambie siku gani fundi anakuja.

Mimi dada yako, tumbo moja na baba mmoja,
Riziki