Jina Lako Kwenye Mashine ya Wamaza

Yaya wangu mpenzi, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Huu ni mwezi wa nne tangu mto ukuchukue pamoja na pikipiki, wewe ukitoka Kabambare. Nimekaa kwenye kiti chako hapa Kasongo. Nimefanya kosa, na wewe ndiye ningekuambia.

Unakumbuka uliponifundisha kazi? Programu ya kupimia watoto dawa, ulisema, tunaifunga pamoja na kila inachohitaji, inakuwa kifurushi kimoja kinachoitwa taswira. Tukibadilisha msimbo, mtambo wenyewe unajenga taswira mpya, unaijaribu, unaipeleka kwenye ghala la mtandaoni. Mashine za zahanati zinaivuta kutoka humo. Nikasema kumbe ni kama mama anavyofunga chikwange, mkate wa muhogo, kwa majani. Hukucheka. "Majaribio usiyaruke hata siku moja," uliniambia.

Niliyaruka, yaya. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha, nikazima hatua ya majaribio, taswira ikaenda. Kesho yake muuguzi wa Wamaza akapiga simu.

"Mutoto iko na kilo nane," alisema kwa upole. "Mashine inasema nimupatie vidonge vine. Ni kweli?"

Kabla sijajibu, mtandao ukakatika.

Nilisahihisha upesi mstari wa msimbo uliokosea hesabu ya vidonge. Mtambo ukajenga, ukajaribu, vyote sawa. Kufika ghalani ukakataliwa. Ruhusa ilikuwa kwa jina lako, muda wake umekwisha, na namba ya kuihuisha inatumwa kwenye simu iliyozama nawe. Nilikisia maneno ya siri mpaka ghala likanifungia. Nilikuita kwa sauti, yaya, kama mtu aliye chumba cha pili. Mama alisikia. Hakuingia.

Nikafungua ghala lingine kwa jina langu, taswira ikapokelewa. Zahanati nyingine nilizielekeza kwa simu, zikafuta jina la ghala lako kwenye mashine zao, zikaandika la langu. Simu ya Wamaza haikushika. Nikapanda pikipiki nyuma ya dereva, barabara ileile yako. Mtoni nilifumba macho.

Muuguzi alikuwa ametilia shaka vile vidonge vinne, akafuata kitabu chake cha zamani. Mtoto nilimkuta ananyonya. Nikakaa chini pale mlangoni.

Kisha nikafungua mashine. Mstari mmoja tu, ule unaotaja ghala, ulikuwa na jina lako, na hiyo ndiyo ilikuwa mashine ya mwisho. Muuguzi aliniuliza kama kuna shida nyingine. Nikamwambia ni jina tu. Nililifuta herufi moja moja, nikaandika langu, na taswira ikaanza kushuka.

Sasa hakuna mashine hata moja inayokutafuta. Mimi peke yangu.

Unisamehe, na ulale salama huko mto ulikokulaza.

Mudogo wako