Mguu wa Kushoto na Gari ya Oto

Nabil,

Chai imo kwenye chupa. Mwambie mama yako wale samaki watiwe chumvi kabla ya adhuhuri. Kamba ya tela uikaze upya, nazi za Kirongwe zisije zikamwagika tena. Mimi nimekwenda hospitali Kilindoni kwa bodaboda.

Asubuhi nilikukaripia mbele ya dada yako. Ulisema tununue gari ya oto, isiyo na klachi, ati inavuta tela vizuri kuliko manyuo. Nikakwambia oto ni ya wavivu. Ukaenda kuosha kikombe chako. Na mwaka jana ni wewe uliyeniapia kuwa mzigo unataka manyuo.

~~Chukua ya manyuo, nimeshaamua.~~

Alfajiri ulikuwa nyuma yangu tukitoka msikitini. Kutoka ni kwa mguu wa kushoto, na wangu ulikataa kunyanyuka. Nikasimama mlangoni kama mgeni, watu wakangoja. Ukajifanya unatafuta kandambili zako mpaka nikavuka. Mguu ulioshindwa na kizingiti utakanyagaje klachi kwenye mchanga, tela la nazi likivuta nyuma? Uliliona hilo, na hukulitaja hata nilipokutolea maneno.

Chukua ya oto. Funguo za ile pikapu ya zamani nimeziacha hapa mezani, sitazihitaji tena.

Watu wakikuuliza, waambie inavuta tela vizuri, kama ulivyoniambia mimi.

Baba yako