Bibi Hajakataa Kusema

Chanika,
Handeni, Tanga.
7 Desemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Stefania,

Shikamoo. Najua ningeanza kwa kukuuliza afya, na nitakuuliza, lakini neno hili nikilichelewesha nitaogopa kuliandika. Ninamdharau Shemeji Godlisten. Sijamwambia mama, sijamwambia Dada Yuditha, na hata kwenye maombi nalizunguka. Nakula chakula chake, nalala nyumbani kwake, namwamkia kila asubuhi, na bado namdharau.

Haya, habari za Sumbawanga? Kile kifua chako kimepona? Loyce ameanza kutembea? Sisi huku wazima, ila mvua za vuli zimetutupa na mahindi ya Mkata yamenyauka yakiwa magotini. Nilimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita. Nasubiri matokeo huku nikitoa kopi kwenye steshenari ya shemeji.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ninayotumia ni ya dada, na shemeji huisoma kama gazeti lake. Rafiki yangu Hafsa anakuja huko kwa kaka yake, atakukabidhi bahasha hii mwenyewe. Ndani kuna flashi. Naomba usiichomeke popote kabla hujamaliza kusoma.

Unakumbuka zile sauti za bibi? Wewe ndiye uliyetuomba tumrekodi kabla hajalazwa. Tulimrekodi kule Mashewa, jikoni kwake, akisonga ugali wa bada na kutufokea. Shemeji akasema kazi ya kuhifadhi tumwachie mtaalamu. Mtaalamu ni yeye. Akazibana sauti zote kwenye faili moja la zipu, akalikata vipande vitatu kwa sababu aliwahi kumwona fundi mmoja akifanya hivyo, kisha akafuta zile zilizokuwa kwenye simu zetu ili tusije tukaziharibu.

Mwezi wa kumi akaiwekea kompyuta ya duka Windows mpya, akatutangazia nyumba nzima kama vile amepandishwa cheo. Wiki iliyopita Mjomba Hiza akaja kutoka Mashewa, tuchague sauti ya kuwasikilizisha watu siku ya kuweka msalaba kaburini, maana tarehe 20 bibi anatimiza mwaka. Shemeji akabofya. Kompyuta ikasema faili limeharibika. Akabofya tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba ni kengele ya mlangoni.

"Limeharibikaje?" mjomba akauliza.

"Anko, mashine hii naijua kuliko ninavyomjua mke wangu. Haina kosa hata kidogo. Ni marehemu mwenyewe amekataa."

Dada akashika mdomo. Nilidhani mjomba atacheka. Akakuna kichwa, akasema, "Kwa ukaidi, mama alikuwa mkaidi kweli."

Basi wakakubaliana hivyo, watu wazima. Kesho yake akaletwa Mzee Obadia wa kanisani aiombee kompyuta. Aliweka mkono juu ya printa, maana ndiyo iliyokuwa ikinguruma. Wateja waliofuata kopi za vyeti walivua kofia wakasubiri. Shemeji alifumba macho kuliko wote.

Mama mdogo, nilikuwepo alipolifunga lile faili, na nilikuwepo alipoweka hiyo Windows mpya na kuifuta programu aliyolifungia. Programu ile ilikuwa inaviunganisha vipande vyote vitatu yenyewe. Hii mpya inakichukua kimoja, inakiona hakijakamilika, inasema kimeharibika. Nikajikaza nikasema, "Shemeji, labda turudishe ile programu ya zamani."

"Shem, wewe hata matokeo hayajatoka," akanijibu mbele ya wateja. Wakacheka. Nikarudi kwenye mashine ya kopi.

Sasa imeamuliwa kwamba sauti ya bibi haitasikika. Badala yake shemeji ndiye atakayesimama kaburini kumwelezea. Mtu wa Moshi ambaye aliishi na bibi sikukuu mbili tu, na Kishambaa hajui hata salamu.

Jumatano nilivinakili vile vipande nikaaga naenda Korogwe kununua karatasi. Kuna dada anaitwa Rhoda, karani wa ofisi moja pale, ana kompyuta kuukuu ambayo hakuna aliyejisumbua kuibadilisha, na ile programu ya zamani bado imo. Nikaviweka vyote pamoja. Faili likafunguka kabla chai aliyonimiminia haijapoa.

Bibi yumo mzima. Anakohoa, anafukuza mbuzi, anamwita mama. Na wewe amekutaja. Anasema, "Mwambieni Stefania, kama hatutaonana asijilaumu, ana mimba kubwa." Najua siku ya maziko ulikuwa umejifungua juzi yake tu, na najua ulivyolia kwenye simu. Ndiyo maana nakutuma wewe.

Njoo tarehe 20 na sauti hizi kwenye simu yako. Sema kwamba tulikutumia tangu zamani. Ni uongo, na nimeuombea msamaha tayari. Mimi siwezi kusimama mbele ya watu, wewe unaweza. Sitaki shemeji aaibike. Nataka anyamaze, bibi aongee.

Ila ile sauti ya mwisho usiiweke kabisa. Humo bibi anasema, kwa Kishambaa, kwamba mume wa Yuditha akianza kuongea hata kuku wanatoka jikoni. Nilicheka mpaka Rhoda akafunga mlango. Halafu nikawaza Mashewa yote inacheka, na shemeji peke yake anauliza, "Amesemaje?" Na wa kumtafsiria ni dada yangu.

Msalimie sana Baba mdogo Ponsiano na Jacob, na umbusu Loyce kwa ajili yangu. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia. Mungu awafikishe Mashewa salama, na vumbi la njiani lisikuamshie kifua.

Nakuomba, kila mtu ajue kwamba bibi hakukataa. Kwamba ni mimi niliyemfungua, na kwamba namdharau shemeji yangu, hayo yabaki kwako. Hilo la shemeji bibi alilijua kabla yangu, lakini yuko kwenye ile sauti ya mwisho, na hiyo sasa umeishika wewe.

Mimi mwanao, nikupendaye na kukusubiri,
Ritha